Kopo la Soda Limepita

Dada,

Eti ukanifokea kitandani kwa mtoto, "Unataka mwanangu akwame shingo humo?" Na mimi nikabwata, "Basi mlaze kwenye boksi!" Hilo la boksi nalifuta, japo majirani wameshalisikia.

Chai iko kwenye chupa. Nepi nimezianua.

Kitanda nilichomtengenezea mtoto usikitumie kwanza. Nafasi za fito nilipima kwa ngumi yangu, nikasahau yeye siyo bondia. Ulipopitisha kopo la soda katikati ya fito likadondoka upande wa pili, nilisema unanidharau. Ulipoingia chumbani kumnyonyesha nikajaribu mwenyewe. Likapita tena. Dada, hapo ndipo nikaelewa: mwili wake ungepita, kichwa kikakwama.

Nakipeleka kwa fundi tuongeze fito mpaka kopo likwame. Ule mto laini niliomnunulia ~~mwekee~~ usimwekee, nimeuchukua nilalie mimi. Godoro gumu linamtosha, alale chali.

Asante kwa kunifokea. Ungenionea haya ukanyamaza, sijui leo tungekuwa tunalia nini.

Asubuhi niliubamiza mlango. Sasa mmelala wote wawili, naufunga polepole. Kopo nimelibeba.

Mjomba mtu