Kibuyu cha Yeyo Msalani

Jumatatu, mwezi 3 Mfunguo Tano
Nimejikwaa tena kwenye buti za mume wangu Saidi nikienda kuoga. Msala wenyewe hatua tatu kwa mbili. Shimo la choo, jiwe la kuogea, basi. Humo humo debe la maji, kata, birika la udhu, wembe wake, dodoki, winda za mwanangu Zuhura. Vyote chini. Leo sabuni imetumbukia shimoni, ya pili mwezi huu. Nimechoka!

Jumanne, mwezi 4
Nimemwambia Saidi apigilie rafu. Kesho, anasema. Kesho ya askari! Huko bomani bunduki anazipanga mstari mmoja, nyumbani hajui buti zikae wapi.
Nikatundika mwenyewe msalani susu ya jikoni, wavu wa kuwekea vyombo, birika ndani yake. Akaingia, akaigonga kwa kichwa, birika puu! Halafu ananicheka mimi.

Alhamisi, mwezi 6
Rafu imepigiliwa asubuhi. Adhuhuri imeanguka na pande la ukuta. Udongo, na mvua hii ya Meru, ulitegemea nini? Nikakaa juu ya jiwe nikalia. Hasira tupu.
Alasiri nikachonga vigingi, nikavikaza kwenye nguzo. Vimeshika. Buti juu, birika juu, kila kitu juu. Yakabaki mafuta ya nazi. Nikayatia katika kibuyu cha shanga kilichokaa bure ndani, alichotuletea Yeyo siku ya arobaini ya Zuhura. Yeyo ni jirani yetu Mwarusha. Maziwa ya ng'ombe wake ndiyo yanayomlea mwanangu tangu homa inikaushe.
Kimekaa vizuri pale juu ya shimo. Nimejipongeza.

Ijumaa, mwezi 7
Laiti nisingejipongeza.
Yeyo kaja na maziwa, kamkuta Zuhura kajichafua, kambeba kwenda kumwosha msalani. Katoka mbio. "Chombo cha mtoto unakitundika kwa mavi?" Kanikabidhi mtoto, kachukua maziwa yake, kaenda. Hakuaga.

Jumamosi, mwezi 8
Hakuja. Zuhura anatema uji. Analia mpaka sauti imekauka. Nimepita nyumba nne kuomba maziwa, nimerudi mikono mitupu.
Saidi ananipa somo: kwa Waarusha kibuyu cha maziwa hakikaribii choo, ni kumtukana ng'ombe na mwenye ng'ombe. Kumbe anajua! Juzi kaoga chini ya kibuyu hicho hicho, mdomo kaufunga. Anasema alidhani nimeulizia. Nimuulize nani, ukuta?
Niende na majani mabichi mkononi, anasema. Ndivyo wanavyoomba radhi.

Jumapili, mwezi 9
Nimepanda kwa Yeyo, majani mkono mmoja, kibuyu mkono mwingine, Zuhura mgongoni. Njia tope tupu. Nimeanguka mara mbili. Nilijiona mjinga, na nilikuwa mjinga.
Nikamwambia sikujua. Majani kayapokea. Kibuyu hakukigusa. "Kizike," kasema, akarudi kwa ndama wake.
Nimekizika migombani. Maziwa hakunipa, nami sikuthubutu kuomba.

Jumatatu, mwezi 10
Asubuhi Yeyo kaja. Kasimama nje ya mlango, kaniambia nilete bakuli langu. Kamimina. Nikamkaribisha ndani. Kakataa.
Zuhura akanyoosha mikono, abebwe kama kila siku. Yeyo akasita. Kisha akamchukua, akamnywesha pale pale uani, manyunyu yakiwaangukia. Nikawasogezea kigoda.