Maji ya Gathoni

Kamenu, Thika
2 Juni 1957

Ndugu yangu Nzomo,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwa mama, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti chake kifupi cha kuchambulia maharagwe. Hali yako vipi huko Tanga, na shemeji Gathoni, na watoto ambao mpaka leo nawajua kwa majina tu? Mimi na Kamene hatujambo, ila nyumba imekuwa kubwa sana. Naandika kwa Kiswahili, si kwa Kikamba, ili Gathoni aisome barua hii kwa macho yake bila wewe kumfasiria. Tafadhali asiruke mstari.

Najua jirani yetu Simeon alikupelekea telegramu ya ugonjwa, kisha ya mazishi, na najua usingeweza kuwahi. Kuna waliosema maneno. Mimi sikusema, na ukifika mwisho wa barua utaelewa kwa nini sina haki ya kusema.

Mimi telegramu ilinifikia Kitale siku ya Jumanne. Ilisema mama yu taabani na anauliza watoto wake. Nilikimbia stesheni nikaambiwa mvua imebomoa reli mbele ya Eldoret na hakuna ajuaye treni itapita lini. Nikarudi shambani nikakaa juu ya tairi la trekta, sijui mikono yangu niiweke wapi. Kamene ndiye aliyesema niende kwa Bwana Miwani. Huyo ndiye mzungu ninayemtengenezea matrekta. Ana ndege ndogo inayolala ghalani pamoja na magunia ya mahindi, na kila mwezi huruka hadi Ruiru kwa kaka yake mwenye kahawa.

Nilimweleza nikiwa nimevua kofia. Alifuta miwani yake kwa muda mrefu, akaniuliza mama ana miaka mingapi, nikasema sijui. Mwishowe akasema, kwa kile Kiswahili chake, "Mimi nakwenda kesho kutwa. Lakini wewe na bibi yako napima kwanza." Basi tulipandishwa kwenye mizani ya mahindi mbele ya watu wote wa shamba. Mmoja akapaza sauti kwamba Kamene ni mahindi ya daraja la kwanza, hana fukusi. Kamene akamjibu kwamba yeye hata kuku wangemkataa. Pamoja hatukufika gunia moja na nusu, na Bwana Miwani akakubali.

Tuliondoka Alhamisi saa moja asubuhi. Komeo la mlango upande wa Kamene lilikuwa limelegea. Nilitaka kulitazama, maana kazi yangu ni hiyo, lakini Bwana Miwani alisema hakuna nafasi, mawingu yanakuja. Akamwambia Kamene, "Wewe shika hapo. Hapana wacha." Akashika. Nzomo, alishika kutoka Kitale hadi Ruiru kwa mikono miwili, na mimi sikuweza kumpokea kwa sababu nilikuwa mbele, ubavuni mwa bwana. Kila nikigeuka naona midomo yake ikienda. Nilidhani anasali. Baadaye aliniambia alikuwa akitaja ng'ombe wa baba yake kwa majina, na walipokwisha alianza tena.

Mpaka Nakuru niliona kila kitu, hata lile ziwa na ndege wake wa rangi ya waridi ukingoni. Baada ya Naivasha milima ya Nyandarua ilikuwa imefunikwa. Bwana Miwani alipanda, mawingu yakapanda naye. Akaingia ndani yake. Nje ya kioo kukawa kweupe kabisa, ndege ikaanza kuanguka na kupanda, kuanguka na kupanda. Bwana alikuwa akitokwa jasho shingoni. Nilitazama mshale wa petroli kwa sababu ndicho kitu pekee mbele yangu nilichokijua, na ulikuwa ukishuka haraka kuliko alivyotarajia, maana naye aliutazama mara kwa mara na kila mara alinitazama mimi kuona kama nimeuona. Nilijifanya sijauona. Nilikuwa namuomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba mama asitangulie.

Tulipotoka mawinguni aliniuliza, "Ruiru wapi?" kana kwamba nimeiweka mfukoni. Mbele yetu ulisimama mlima wa Kilimambogo, na chini mistari ya mkonge. Nikamwambia Ruiru tumeipita, ile ni Thika. Akashuka chini sana kutafuta reli ili aifuate kurudi nyuma. Alizunguka juu ya Kamenu mara mbili. Niliona watu wakitoka nje, nikaona paa letu, lile bati nililolipaka rangi nyekundu mwaka nilipooa. Nikaweka kiganja kwenye kioo. Mama alikuwa pale chini, nami napita.

Hatimaye tuliiona reli, tukaifuata, injini ikianza kukohoa tulipoziona safu za kahawa. Tulitua Ruiru kwenye majani yenye maji, tukateleza, tukasimama hatua chache kabla ya mibuni. Vidole vya Kamene vilikataa kufunguka. Bwana Miwani mwenyewe alivibandua kimoja kimoja akisema pole, pole, mama. Kisha akatafuta lori la kaka yake lililokuwa likienda Thika, tukapanda nyuma. Askari walitusimamisha mara mbili njiani kutazama karatasi zetu. Wa pili alizisoma juu chini, nami sikuthubutu kumwambia aharakishe.

Mlangoni alitupokea mama mdogo Wayua. Alikuwa akitabasamu, Nzomo, nami nikashukuru Mungu. Kisha akatazama nyuma yetu akauliza, "Nzomo yuko wapi?"

Alitueleza kwamba mama hakuwa amesema neno tangu jana yake. Ndege ilipozunguka juu ya nyumba alifungua mdomo akasema, "Nzomo huyo. Alisema atakuja hivyo." Akaomba anyanyuliwe, akaomba apakwe mafuta usoni.

Unaikumbuka barua yako ya vitani, ya kutoka Burma, uliyomwandikia kwamba utarudi nyumbani kwa ndege? Ulifika mwaka 1946 kwa treni, naye akakuuliza ndege umeifunga wapi. Ukacheka, ukamwambia safari ijayo. Wewe ulisahau. Yeye hakusahau. Miaka hii ya hali ya hatari, ndege za serikali zilipopita kwenda kupiga mabomu msituni, sisi sote tulijificha uvunguni, naye alitoka nje na leso akaipunga. Tulimkaripia. Alisema huenda ni Nzomo.

Na la maji sina haja ya kukukumbusha, ila naliandika kwa ajili ya haki. Gathoni alipokuja hapa mwaka 1948, bibi arusi kutoka Ruiru, alimletea mama maji kwa kile kikombe cha bati cha buluu, na mama akayamwaga mlangoni, akasema hawezi kunywa kutoka mkono wa Mkikuyu. Mkaondoka siku ile ile. Tangu hapo kile kikombe kilikaa juu ya kabati, kimefunikwa kifudifudi. Hakuna aliyeruhusiwa kukitumia wala kukitupa.

Sasa nafika pale ninapopaogopa zaidi ya yale mawingu.

Macho ya mama yalikuwa yameota utando miaka miwili sasa. Hujui kwa sababu hatukukuandikia. Niliingia chumbani na Kamene, wawili tu, nikapiga magoti. Alinishika uso akauliza, "Nzomo?" Unajua jinsi watu walivyochanganya sauti zetu tangu utoto. Nilifungua mdomo niseme ni Muthoka. Uso wake ulikuwa unang'aa mafuta, na alikuwa amengoja. Nikasema, "Ni mimi, mama."

Akanitemea mate kifuani kama wazee wetu wanavyobariki, akataja jina lako, na la baba, na la babu. Ile ni baraka ya mzaliwa wa kwanza. Niliipokea kama mwizi.

Kisha akauliza kama nimekuja na Gathoni. Kamene alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema yuko hapa. Mama akasema, "Mwambie aniletee maji. Kikombe anakijua." Nzomo, Kamene alinitazama. Akakishusha kile kikombe, akakiosha, akaleta maji. Hakusema neno, maana sauti yake si ya Gathoni. Lakini mikono yake bado ilikuwa inatetemeka kwa ule mlango wa ndege, na maji yakamwagikia blanketi. Mama akaifunika kwa mkono wake akasema, "Usiniogope tena, Gathoni. Mimi ndiye niliyekosa. Lete." Akanywa yote. Kutoka mikononi mwa watu wa nyumba hii, tangu jana yake hakuwa amemeza hata kijiko.

Baadaye akaniuliza Muthoka je, amefika? Nikamjibu yuko njiani, reli imekatika. Akacheka kidogo, kicheko kile cha puani, akasema, "Huyo hata kuzaliwa alichelewa. Mwambieni nilimngoja." Akafa saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa katika wangu, na kwake ulikuwa wako.

Nimeiba baraka yako, ndugu yangu, na Kamene amepokea msamaha usio wake. Siku zote hizi hajala vizuri. Alisema nisipowaandikia ataandika yeye. Kama mtakasirika, kasirikeni na mimi. Yeye alishika tu alichoambiwa ashike. Lakini naomba mjue kwamba sikuongeza neno la mama wala kulipunguza. Aliyosema kwako ni yako, nami nimeyafikisha. Ya kwangu ni yale ya mwisho, kwamba aliningoja, na hayo yananitosha.

Pamoja na barua hii Simeon atakuletea kifurushi, maana anasafiri kwenda Tanga wiki ijayo. Ndani yake mna kikombe cha buluu. Mpe Gathoni mkononi. Mwambie mama alikunywa mpaka mwisho, akakigeuza mwenyewe kuonyesha kwamba halikubaki tone.

Kamene anawasalimu nyote, na anawaombea watoto afya. Mama mdogo Wayua anawasalimu pia. Yeye bado hajui tuliyoyafanya chumbani, na anawaambia majirani kwamba mko njiani. Njooni, msimfanye mwongo.

Ni mimi mdogo wako aliyechelewa,

Muthoka