Sindano ya Jioni ya Bwana Shamba

Musoma, 3 Juni 2025

Wifi yangu Penina,

Assalaam aleikum. Hujambo, na baridi ya Karatu? Kaka yangu Omary bado yuko kreta ya Ngorongoro na watalii wake? Sisi huku wazima. Mwanangu Nasha kajifungua kwa upasuaji, kapata binti mwenye sauti kama honi ya lori la vitunguu. Nakutumia barua hii kwa dereva wa basi, maana mambo ya sindano siwezi kuyapigia kelele kwenye simu yako ile ya kukatika-katika.

Asante kwa kumchukua Bwana Shamba. Najua hupendi paka, na siku zote umesema mahali pao ni ghalani. Lakini huyu ni paka wa Mama, kiumbe pekee alichoniachia, na sukari iliyomwondoa Mama sasa imemshika yeye. Akinifia nikiwa huku, sijui ile nyumba ya Mama hapo Karatu mjini nitaingiaje.

Asubuhi na jioni, ale kwanza ndipo umdunge. Vuta ngozi ya mgongo, sindano iingie pale chini. Dawa iko kwenye friji ya jirani yako Tajewo, muuza soda, asije akaigandisha. Mtoboe sikio kidogo tu, tone la damu uliweke kwenye kipimo. Maziwa ya chai marufuku, hata akulilie. Usiruke sindano, na sukari ikishuka tumshukuru Mungu.

Wifi yako,
Zulfa

Qurus, 9 Juni 2025

Wifi Zulfa,

Aleikum salaam. Mpe Nasha hongera na pole, umpikie uji wa pilipili manga. Mimi mzima, isipokuwa kidole gumba, maana sindano ya kwanza nilijidunga mwenyewe. Bwana Shamba akanitazama tu!

Hebu sikia vituko. Majirani walisikia nikisema Bwana Shamba ana sukari, wakamwendea yule bwana shamba wa kata kumpa pole, na kuku juu. Mzee wa watu kapokea kuku, kashukuru, kamtia chunguni.

Sasa mkono umezoea. Jana kipimo kilisoma chini kuliko siku zote, nikapiga vigelegele. Kikizidi kushuka, nakuchinjia mbuzi.

Wifi yako,
Penina

Qurus, 14 Juni 2025

Wifi,

Bwana Shamba mzima. Nimeanza na hilo usije ukaanguka. Salamu baadaye.

Juzi jioni alinusa chakula akageuka. Nikakumbuka neno lako, usiruke sindano, nikamdunga hivyo hivyo. Baadaye kipimo kikasoma chini kabisa, nami nikashangilia peke yangu jikoni. Kumbe nashangilia msiba! Akaanza kupepesuka kama mlevi wa mnadani, akaanguka ubavu, miguu inatetemeka. Nampigia Wilibrodi, daktari wa mifugo, hapatikani. Nakupigia wewe, hupatikani.

Ndipo nikamkumbuka Mama, ile Idi aliyojidunga kabla pilau haijaiva. Alitetemeka vile vile, nikampaka asali kwenye fizi. Nikaitafuta ile asali aliyoleta Omary kutoka Endulen, nikampaka paka kwa kidole, nikamfunga kwenye kitenge changu, namwita kwa Kiiraqw cha kwetu maana Kiswahili kilinitoka chote. Nilikaa pale, wifi, nikiomba. Mwishowe akalamba. Kisha akaning'ata, mshenzi yule, nami nikalia kwa furaha.

Wilibrodi alikuja asubuhi. Anasema asipokula, nisimdunge kabla ya kumuuliza yeye. Na kushuka nako kuna mwisho wake.

Penina wako

Musoma, 19 Juni 2025

Wifi yangu, mama yangu,

Hujambo? Hujambo tena? Barua yako niliisoma nikalia mpaka Nasha akadhani kuna msiba. Mwanamke wewe! Na neno lililokuponza ni langu. Mimi mwenye paka ningepiga yowe mpaka mtaa ujae, na paka angekufa tukibishana. Wewe uliye peke yako, usiyependa paka, ukamfunga kwenye kitenge chako.

Mama alikuwa akisema, "Penina hana maneno, ana mikono." Nilikuwa naona wivu. Leo nasema alisema kweli.

Mtoto akitimiza arobaini narudi. Nitamchukua Bwana Shamba siku hiyo hiyo, upumzike, umechoka vya kutosha.

Akupendaye,
Wifi Zulfa

Qurus, 24 Juni 2025

Wifi Zulfa,

Salaam kwako, kwa Nasha na kwa honi yenu. Sisi wawili hatujambo, tumekula na tumedungwa.

Umeniandikia nipumzike. Omary alirudi majuzi, akanisikia jikoni nabishana na mtu, akauliza tuna mgeni gani. Nikaona aibu kusema ni paka. Wifi, nyumba hii Omary akiwa kreta huwa kimya mno, sijawahi kukuambia. Siku hizi jua likianza kuzama Bwana Shamba anakuja kukaa mguuni kwangu, ananigombeza nimechelewa.

Paka ni wako, mchukue. Sindano ya asubuhi piga wewe. Ya jioni niachie mimi. Bodaboda zipo, nitakuja.

Wifi yako,
Penina