Naomba Ruhusa ya Kubomoa Tanuri la Mke Wangu

Mpendwa Mshauri, shikamoo, naomba unisaidie upesi maana jembe nimeshalitia mpini. Mke wangu Klaudia ni mwenyekiti wa akina mama katika kijiji chetu cha ujamaa karibu na Kamachumu, na tulipotazamia wageni kutoka mkoani alisimama mkutanoni akasema mkate wa kununua Bukoba ni aibu kwa watu wanaojitegemea, yeye ataoka, wala hahitaji kufundishwa na mtu, basi wakajenga tanuri la udongo wa kichuguu kwenye kibanja changu cha migomba, na siku yenyewe akaifunika mikate kwa majani mabichi ya mgomba, barabara kabisa, kama anavyofunika chungu cha ndizi, ikatoka imechemka badala ya kuokwa, myeupe, inanata kwenye meno, wageni wakaila kwa maharage wakisema asante, na tangu hapo nikienda kilabuni kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, jirani yangu Kagaruki ananiita Bwana Ugali wa Ngano.

Ningevumilia, lakini Klaudia hakuishia hapo, aliomba radhi mbele ya mkutano, na sasa kila siku ya gulio hupanda lori mpaka Bukoba kwa Bi Sada, mama anayeoka mikate ya kuuza, anamfagilia ua na kumpulizia moto ili aonyeshwe kazi, mwenyekiti mzima, mke wa mtu mwenye kahawa yake, anarudi na masizi usoni akiimba! Nilimwambia, "Klaudia, unanidhalilisha." Akanijibu, "Baba Joviana, unga haujui kama mimi ni mwenyekiti."

Ameoka tena na tena, mara unga haukuumuka, mara chini kumeungua. Mkate wa juzi ulikuwa na ganda gumu, nikaumaliza jikoni peke yangu yeye akiwa kanisani, lakini kicheko cha watu hakijaisha. Nishauri, nilibomoe tanuri akiwa Bukoba?

Ishengoma, Kamachumu

Ndugu Ishengoma,

Marahaba. Jembe lirudishe kwenye kahawa, palizi inakusubiri.

Pole kwa jina hilo. Najua linauma, maana watu wa kilabuni wakikubandika jina unazikwa nalo. Lakini aliyeharibu mikate ni Klaudia, mbona aliyenuna ni wewe? Mkeo alijigamba, na hapo alikosea. Ila wangapi kati yetu, tukishaaibika hadharani, hurudi mbele ya watu walewale kuomba radhi? Mimi ninayeshauri wengine sijui kama ningeweza. Mwanamke ameshika ufagio kwenye ua wa mwenzake pamoja na cheo chake, na wewe umeona masizi tu! Namvulia kilemba. Mvumilivu hula mbivu, nawe unataka kukata mgomba kabla mkungu haujakomaa.

Sasa fanya hivi. Tafuta kuni kavu, uzibebe mchana mpaka tanurini, Kagaruki na wenzake wakikuona. Siku ya gulio mchukulie kapu hadi kwenye lori. Akitoa mkate, umeungua haukuungua, kaa mbele ya nyumba ule, na atakayecheka mkatie kipande.

Kuna jambo umelipitia haraka ukidhani sitaliona. Mtu hamalizi mkate mzima jikoni, peke yake, kwa sababu ya aibu. Ulikuwa mtamu, Ndugu Ishengoma. Mimi umeniambia, yeye hajui. Akirudi kutoka Bukoba, kabla hajanawa masizi, mwambie.