Tumbaku ya Cheri Kwenye Kiko cha Baba

Butimba, Jumamosi, Novemba. Mvua ya asubuhi imekatika, mawe ya mlimani yanatoa mvuke, na ziwa lina rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Nimekaa barazani nyuma ya nyumba na aibu ambayo sikutegemea kuipata katika umri huu.

Nianze na kiko, maana ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha nyumbani. Nilikuwa kijana tulipohamishwa kutoka kijiji chetu ng'ambo ya Busisi. Nyumba zilivunjwa. Baba aliondoka na mke, watoto, mbuzi wawili, na kiko chake cha udongo mfukoni mwa koti. Hatukurudi tena. Alipofariki, kiko kikaja kwangu, na ndani yake utando mweusi, mgumu kama masizi ya chungu cha zamani, uliojengwa na tumbaku ya maisha yake yote. Hukuhitaji kukiwasha. Ukikisogeza puani, baba yupo.

Dada yangu mkubwa, Minza, aliolewa Nansio. Kila anapovuka na meli kuja kunisalimu huleta tumbaku aliyoipanda mwenyewe nyuma ya jiko lake. Tunakaa, anaidondosha kidogo chini kwa ajili ya baba, anamtaja jina, anawasha, anavuta, kisha ananipa. Sote ni Wakristo. Padri hajawahi kutuuliza, nasi hatujamwambia.

Lakini harufu ya tumbaku ile ni kali. Majuzi wanajumuiya walipokuja kusali hapa, nikiwa nimetoka tu kuvuta, mama mmoja alijifunika pua kwa kanga. Nilimwona. Neema, mke wa mwanangu, naye alimwona. Siku chache baadaye akaniletea kopo dogo la bati alilotumiwa na kaka yake aliye nje ya nchi: tumbaku ya kiko yenye ladha ya cheri, tunda ambalo sijawahi kuliona mtini.

"Baba, ujaribu na hii. Inanukia vizuri," alisema, amepiga goti kama kawaida yake.

Alitaka kunikinga na aibu. Hakujua kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kuionea aibu harufu ya baba yangu mwenyewe.

Nilifanya kazi maktaba hadi kustaafu. Sigusi kitu bila kukisomea. Nikasoma kwenye simu: kabla ya kubadili tumbaku, kwangua kiko ndani, kisha kipanguse kwa spiriti. Jana nilifanya hivyo kwa kisu cha kumenyea machungwa, kwa uangalifu mkubwa, nikijisifu. Utando ulitoka vipande vipande. Nikaupuliza, ukaenda na upepo.

Kopo lilinukia keki. Mdomoni ulikuja moto mtamu, kama sharubati iliyoungulia sufuriani, na ulimi ukaniwasha hadi jioni. Hata hivyo nilivuta mpaka mwisho. Jirani alipita akasema, "Mzee leo unanukia vizuri!" Nami nikafurahi.

Leo dada amefika. Tumekula sato, tumekaa hapa barazani. Akadondosha tumbaku yake chini, akamtaja baba, akawasha, akavuta. Akakitoa kiko mdomoni, akakitazama.

"We Masanja, umevuta humu au umepika jamu?"

Nikacheka. Nilidhani yataishia hapo. Kiko kilipopoa alikimwaga, akaingiza kidole ndani. Kidole kikatoka na majivu tu.

"Nani amekikwangua?"

Neema alikuwa anatoa vyombo, amesimama na beseni mkononi.

"Sijui," nikasema. "Labda hawa wanaosafisha nyumba."

Katika nyumba hii, "hawa" ni mtu mmoja.

Kwetu mkamwana hambishii baba mkwe, sembuse mbele ya dada yake mkubwa. Nililijua hilo kabla sijafungua mdomo. Sikuteleza. Niliyaegemea malezi yake mema kama mtu anavyoegemea ukuta.

Neema akaweka beseni chini, akapiga goti. "Samahani sana, shangazi. Sikujua." Hakunitazama.

Dada hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Alikifuta kiko kwa upindo wa kitenge chake, akanirudishia, akasema polepole, "Basi. Ila baba akipita hapa leo, hatajua kama ni kwetu." Kisha akaingia ndani kujilaza.

Na Neema? Amekwenda sokoni kununua sukari na sabuni za kumfungia shangazi kwa ajili ya safari ya kesho.

Kopo liko hapa mbele yangu, na picha yake ya matunda mekundu. Lenyewe halina kosa. Nimenusa kiko mara nyingi tangu waondoke. Ni cheri na spiriti. Nikivuta pumzi ndefu nadhani nampata baba kwa mbali, lakini sijiamini tena hata kwa hilo.

Utando siwezi kuurudisha. Ila dada akivuka kesho bila kujua, Nansio nzima itamjua Neema kama mkamwana aliyemfuta baba yetu, na jina la namna hiyo kule halikwanguliki.

Neema huisoma blogu hii. Imenijia fikra kwamba ninaweza kuyaandika tu, nikayaweka hapa, akayakuta mwenyewe, nami nisimtazame usoni. Naijua sauti inayonishauri hivyo. Ndiyo ile iliyosema "labda hawa".

Geti limelia. Ni yeye, nasikia mifuko. Dada naye anakohoa chumbani, ameamka.

Naacha kuandika. Nitatoa viti viwili niwape wao, mimi nikae chini kwenye mkeka, kiko nikiweke katikati, nianze na neno "mimi".