Kontena la Mazimwi

Kariakoo, 12 Februari 2023

Mdogo wangu Nurdin,

Assalaam aleykum. Naomba ujumbe huu ukukute mzima huko Guangzhou, na baridi imeanza kukuachia. Huku hatujambo. Mama pale Buguruni mguu unamsumbua asubuhi, jua likipanda anausahau. Anakusalimu, na anauliza unakula nini.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Mimi nikisema neno moja wewe umeshasema matano, halafu unakata, unasingizia mtandao. Basi hapa kwenye barua pepe utanisoma mpaka mwisho.

Mzigo umefika. Nimefungua katoni ya kwanza, nikakuta kadi za mchezo wa Falme. Ya pili, Falme. Nikamwambia kuli apasue ya chini kabisa. Falme. Nurdin, mimi nilikuomba nini? Si nilikuomba kadi za Mazimwi? Nilikuandikia, nikakutumia na ujumbe wa sauti. Watoto wa mji huu wanataka Mazimwi. Mwenye duka wa Mbagala akija anauliza Mazimwi, wa Morogoro Mazimwi, na machinga wanaopanga chini hapo Msimbazi wanabeba asubuhi, kabla ya adhuhuri wamerudi kuongeza. Wanachukua wapi? Kwa Robert, fremu ya duka inayotazamana na yangu. Mimi nimekaa kwenye kiti namwangalia anavyouza. Juzi amekuja kuniazima kisu, chake kimekuwa butu kwa kufungua katoni. Nikampa.

Unadhani ni picha tu zinazouza? Mtoto ananunua pakiti moja, anaichana papo hapo, akibahatika kadi inayong'aa anapiga kelele mtaa mzima unajua. Mapumziko ya shule ni mafupi, lakini mchezo unaisha na mshindi anajulikana. Hiyo Falme yako inataka mtu awe na kadi arobaini, asome Kiingereza kilichoandikwa kidogo kama cha kwenye chupa ya dawa, halafu akae chini afikiri. Mtoto gani wa darasa la nne atakaa chini?

Mzigo ujao lete Mazimwi. Sibembelezi, naagiza.

Dada yako,
Zulekha


Guangzhou, 3 Machi 2023

Dada Zulekha,

Shikamoo. Mimi mzima, nashukuru Mungu. Mwambie mama nakula wali kama kwetu, asiwe na wasiwasi.

Dada, wewe unaiangalia Msimbazi, mimi naiangalia dunia. Nimekuambatanishia michoro mitatu. Huo mstari mwekundu ni mauzo ya Mazimwi: tazama Ulaya, tazama Japani, unateremka. Wa bluu ni Falme, unapanda tangu mwaka juzi haujarudi nyuma. Kariakoo inaifuata dunia, inachelewa tu. Robert anauza jana, sisi tunanunua kesho.

Na Falme ni mchezo hasa. Jumapili tunacheza hapa na Wanaijeria na Wachina, mpaka mtu anasahau kula. Mazimwi ni bahati nasibu ya watoto. Falme ni mchezo wa watu wenye akili.

Baba alipotuachia duka tulipatana: wewe uuze, mimi ninunue. Mimi sikufundishi kuuza. Kontena lijalo limeshapakiwa, na ni Falme. Vumilia.

Mdogo wako,
Nurdin


Kariakoo, 4 Machi 2023

Nurdin,

Marahaba. Kumbe mimi na wateja wangu hatuna akili. Nimesikia.

Michoro yako nimemwonyesha mwenye duka wa Morogoro. Ameigeuza simu huku na huku, akaniuliza kama ni ramani ya mabasi ya mwendokasi. Kisha akavuka barabara kwa Robert.

Dada yako,
Zulekha


Kariakoo, 30 Julai 2023

Nurdin mdogo wangu,

Salaam sana. Hujaandika tangu Machi. Simu hupokei, ukipokea unasema uko kwenye treni. Mama ananiuliza kama tumegombana, namwambia Nurdin ana kazi nyingi. Sipendi kumwongopea mama. Kama umekasirika, kasirika, lakini msalimie.

Sasa nikwambie yaliyotokea huku, maana ni makubwa.

Falme zako zilijaa mpaka nikawa nazikalia, na usidhani natania, nilitandika kanga juu ya katoni nikakaa. Siku moja akaja dada mmoja, Euphrasia, anauza kwenye duka la dawa huku nyuma yetu. Akashika pakiti kama mtu aliyeona ndugu yake. "Hizi umezitoa wapi? Mimi nilikuwa naagiza kwa watu wanaosafiri." Nikamwambia, "Chukua, nakupa kwa bei ya kununulia, uniondolee balaa." Akaniuliza, "Wewe unaujua mchezo wenyewe?" Nikasema siujui na siutaki. Akacheka. "Utauzaje kitu usichokijua?"

Nilimkasirikia. Ila alipoondoka neno lake likabaki. Kesho yake alikuja na chakula chake cha mchana, akanifundisha juu ya kaunta. Wiki nzima akawa ananishinda. Nilikuwa narudi nyumbani napika huku nawaza ile kadi ya Mlinzi wa Daraja ningeitoa lini. Siku niliyomshinda niliruka, ushungi ukanianguka, na kuli mlangoni akadhani nimeona panya.

Nikafungua kile chumba cha juu tulichokuwa tunawekea makorokoro. Nikaweka meza na feni. Jumamosi wanakuja wahudumu wa benki, wanafunzi wa chuo, fundi wa simu, na mama mmoja Mhindi na mwanawe. Hawa hawanunui pakiti moja kama watoto. Akinunua leo, Jumamosi ijayo anataka nyingine, maana ameshindwa na anataka kulipiza. Mama alipopanda kuona alishika kichwa. "Karata, Zulekha, na utu uzima wako?" Nikamwambia hapa hachezi mtu kwa pesa, akae aone. Alikaa. Aliuliza mbona yule mfalme hana mke.

Falme zinakwisha, Nurdin. Nasema hivi na meno yananiuma, lakini nasema.

Na Mazimwi yanakufa. Watu walileta za bandia, na kwenye hizo za bandia kila pakiti ina kadi inayong'aa. Sasa kila mtoto anayo, basi haina thamani tena. Halafu watoto wakaanza kunyang'anyana, shule nyingi zimepiga marufuku. Machinga wamehamia kwenye miwani. Robert ana stoo nzima imedoda, siku hizi anakaa kwenye kiti ananiangalia mimi.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Kontena lijalo liwe Falme, na seti mpya kama zipo. Nimekubali hapo ulikuwa sahihi. Nijibu tafadhali, nipate kulala.

Dada yako,
Zulekha


Guangzhou, 2 Septemba 2023

Dada yangu Zulekha,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Nilikasirika ulivyonidhihaki kwa ile ramani ya mwendokasi, maana niliwasomea wenzangu, na wananicheka mpaka leo. Lakini hasira zimeisha, na zilipoisha nikabaki na maneno yako ya Februari. Nikajiuliza, Nurdin, tangu lini wewe umesimama dukani? Dada amesimama pale tangu wewe unavaa kaptula ya shule.

Barua yako ya Julai naiona hapa, sijaifungua. Najua ni matusi na ninayastahili. Nimeona nikuandikie kwanza kabla moyo haujabadilika.

Umeshinda, dada. Nimenunua Mazimwi. Kontena zima, hata nafasi ya juu nimebana Mazimwi. Halisi, si zile za bandia zilizojaa huku. Liko baharini tangu wiki iliyopita. Nilitaka iwe zawadi, uamke siku moja umpite Robert.

Mdogo wako akupendaye,
Nurdin


Kariakoo, 2 Septemba 2023

Fungua barua ya Julai.

Dada yako


Guangzhou, 3 Septemba 2023

Nimeifungua.

Dada, nimempigia wakala, nimempigia mwenye meli. Hairudi.

Nurdin


Kariakoo, 5 Novemba 2023

Nurdin,

Wa aleykum salaam, maana najua ungesalimia kama ungekuwa na uso wa kuandika. Mama mzima. Mimi mzima wa mwili.

Lile kontena limeingia. Makuli walishusha tangu asubuhi, katoni zikajaa dukani, zikapanda ngazi, zikaingia chumba cha juu. Meza nimezikunja. Wachezaji wangu wamekaa ngazini, Euphrasia ameshikilia kadi mkononi kama tiketi ya basi lililoondoka. Robert alivuka barabara nikajua anakuja kunicheka. Hakucheka. Alivua shati akasaidia kubeba. Nilipoona huruma usoni kwake ndipo nilipoingia nyuma ya pazia nikalia.

Sasa acha nikwambie kitu ambacho si cha kadi.

Februari nilikuambia watoto wanataka nini. Machi wewe ukanionyesha dunia inataka nini. Julai nikakuambia wateja wangu wa juu wanataka nini. Agosti ukakisia mimi nataka nini, ukanunua kontena zima, bila kufungua hata barua! Ungeuliza tu. "Dada, nipakie nini?" Maneno matatu, Nurdin. Hujawahi kuniuliza, na baba hakuwahi kuniuliza. Baba alisema Zulekha atakaa dukani, nikakaa. Nilikuwa na umri wako. Sikusema kitu kwa sababu hakuna aliyesubiri jibu.

Basi sikusubiri uulize. Desemba kuna mashindano ya Falme Nairobi, wanakuja watu wa Afrika Mashariki nzima. Euphrasia ameandikisha jina lake, na mimi nimeandikisha langu. Mama nimemwambia. Akasema niende na sweta.

Wewe utakuja ukae dukani. Usinitumie mtu wala usiniambie mambo ya tiketi. Njoo mwenyewe, usimame nyuma ya hiyo kaunta na hayo Mazimwi yako.

Dada yako,
Zulekha


Kariakoo, 8 Desemba 2023

Dada Zulekha,

Shikamoo. Natumaini mmefika Nairobi salama na baridi ya huko haijawatesa. Mama hajambo, jana alikuja dukani akaniletea chapati na kuniambia nimekonda. Anauliza kama umevaa sweta.

Dada, nimechoka. Sijui wewe umeishi vipi hapa. Nafungua asubuhi, mtu anaingia, anashika pakiti, anauliza bei, anarudisha, anauliza choo kiko wapi. Mwingine anataka nimpunguzie, nikimpunguzia ananiangalia kwa mashaka, anasema basi itakuwa feki, anaondoka. Mwalimu mmoja alikuja kunihutubia kwamba naharibu watoto. Nilimwambia sijauza hata kwa mtoto mmoja, akadhani namjibu jeuri.

Nilimwonyesha mama mmoja wa Buguruni kadi halisi ya Mazimwi, nikamweleza tofauti ya wino na ya karatasi. Alinisikiliza kwa adabu kabisa. Kisha akasema, "Baba, mwanangu sasa hivi anataka zile za wachezaji mpira. Unazo?" Sina. Nimewauliza wenzetu mtaa mzima, hakuna mwenye nazo. Tangu jana wameniuliza hizo hizo za mpira mpaka nimebandika karatasi mlangoni, hatuna. Robert ameniambia na yeye anaulizwa.

Dada, nina namba ya mtu wa kiwanda huko Guangzhou anayezichapa. Anasema nikilipa wiki hii anapakia kabla ya mwaka wao mpya. Nimeshika simu, sijalipa. Kwa hiyo nauliza: nipakie nini?

Na mchezo umefika wapi? Euphrasia hapokei simu. Watu wa Jumamosi wamekaa ngazini wananiuliza mimi, kana kwamba najua.

Mdogo wako,
Nurdin


Nairobi, 9 Desemba 2023

Nurdin mdogo wangu,

Marahaba. Sweta nimevaa, mwambie mama.

Raundi ya kwanza nilimtoa kijana wa Kampala aliyevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Aliponiona na ushungi wangu aliniuliza kama nimemsindikiza mtoto. Nikamwambia keti. Mchezo ulipokwisha alinipa mkono, akaniomba nimwonyeshe nilivyopanga kadi zangu. Nilimwonyesha nusu.

Raundi ya pili nimetolewa. Binti mdogo kuliko viatu vyangu, ananyonya pipi, hata hanitazami. Niliona kosa langu nikiwa nimeshaiweka kadi mezani, na kadi ikishawekwa hairudi. Nimeingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikatoka. Euphrasia bado anacheza, ndiyo maana hapokei. Nimekaa nyuma yake. Mwakani nitarudi hapa. Hilo siombi ruhusa ya mtu.

Nimesoma swali lako mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kadi za mpira: hata mimi sijui. Huenda zikauzika, huenda mpaka zifike watoto wamehamia kwenye gololi. Nikirudi nitakwenda shuleni mwenyewe, nitasimama getini wakati wa kutoka niwasikilize. Kisha tutakaa, mimi na wewe na mama, kwenye meza ya juu, tutaongea mpaka tupatane. Zile katoni zihamishie stoo kwa Robert, kabla sijasafiri aliniambia sasa ana nafasi, watu wangu wasikae ngazini.

Usiagize chochote mpaka nirudi.

Dada yako,
Zulekha