Sikuli Anaposema Te

Kasuku, Kindu
Tarehe 9 Mei 1976

Mpendwa Yaya Adolphine,

Najua kwenye karatasi za serikali jina hilo limefutwa kama majina yote ya Kizungu, na lile jipya ulilojichagulia limenitoka tena kichwani. Utanisamehe. Wewe ni dada yangu mkubwa, na kwangu utabaki Adolphine mpaka tuzikwe.

Kwanza nipe habari za mguu wako. Bakari dereva anasema anakuona ukienda shambani na fimbo, na ukiulizwa unajibu kwamba ni ya kufukuzia nyoka. Nakufahamu. Na mpunga umetoka vizuri? Shemeji Constantin bado anakohoa asubuhi? Sisi huku Kindu ni wazima. Mume wangu Fortunat alilala wiki nzima na malaria, sasa amerudi dukani. Mama mkwe wangu ana nguvu kunishinda mimi.

Asali yako ilifika, na uyoga pia. Uyoga tumekula. Asali ina habari yake, utaisoma hapa chini.

Yaya, barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Mwezi uliopita nilimtuma Bakari akuambie kwamba ndiyo, uje baada ya mavuno umchukue Sikuli, umpeleke kwa yule bibi wa huko Obokote anayekata chini ya ulimi wa watoto wasiosema. Leo naandika kurudisha neno langu. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Nilikubali kwa sababu nilichoka. Mwanangu anakaribia miaka mitatu na alikuwa hajaniita mama hata siku moja. Nikimwambia alete kikombe, ananitazama kama nasema lugha ya mbali. Alitembea akiwa amechelewa sana. Zawadi, mtoto wa jirani, alizaliwa naye wiki moja, na sasa anaimba nyimbo za chama kutoka mwanzo hadi mwisho na kucheza kiuno juu yake. Wangu anakaa chini ya cherehani yangu akipanga vifungo mstari mmoja, saa nzima, kimya. Majirani walinifariji kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, mpaka nikaichukia methali hiyo. Mama mkwe hakunifariji. Yeye alisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akanyamaza, na wewe unajua kunyamaza kwake.

Wengine walisema ni lugha nyingi nyumbani: Kinande cha bibi yake, Kikumu changu ninapokasirika, Kiswahili cha mtaa, Kifaransa cha Fortunat akipata mgeni. Nikaanza kuogopa hata kumwimbia.

Kabla sijamtuma Bakari kwako, nilikuwa nimempeleka kwa Mama Anne, mkunga mzee wa dispensari aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa huu. Kuhusu lugha alicheka. Alisema watoto wote wa Kasuku wanakua na lugha nne na wanatukana kwa zote nne. Kisha akagonga sahani nyuma ya kichwa cha Sikuli, mtoto akageuka. Akaniuliza kama nina kitu kitamu nyumbani. Nikakimbia nyumbani nikaleta asali yako. Akampaka juu ya mdomo wa juu, akampaka na pembeni, na Sikuli akailamba yote, juu na pembeni, kama mbuzi aliyeona chumvi.

Halafu akanigeukia mimi. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

"Ulimi yake iko muzuri, hakuna kitu ya kukata. Masikio yake iko muzuri. Sasa weye njo utanyamaza kidogo."

Yaya, nilikasirika. Wewe ndiye uliyesema tangu utoto wetu kwamba nina mdomo wa cherehani, ukikanyaga mara moja hausimami. Lakini wewe ni ndugu yangu. Huyu alinijua kwa nusu saa tu. Alisema wakati wote tuliokaa kwake nilimuuliza mtoto maswali na kuyajibu mwenyewe. Sikuli hakuwa na nafasi hata ya kufungua mdomo.

Akanifundisha. Nichuchumae nitazamane naye. Nitaje kile anachokitazama yeye, si kile ninachotaka mimi atazame. Neno moja au mawili, basi. Kisha ningoje. Nikamuuliza ningoje kiasi gani. Akasema, wewe ni fundi wa kushona, hesabu mishono kumi moyoni, polepole. Hujawahi kuona mishono mirefu namna ile. Ukimya wa mtoto wako mwenyewe unauma, unataka kuuziba haraka kama tundu la nguo. Siku za kwanza nilifika mishono minne nikashindwa.

Tulianza na vitu vya nyumbani. Nikimwogesha, mguu, mkono, tumbo. Nikitwanga majani ya sombe, twa, twa, na yeye ameshika mchi pamoja nami. Vifungo sikumnyang'anya, bali niliketi chini nikapanga naye: chekundu, cheupe. Uji sikumpa tena bakuli zima. Nilimpa kijiko kimoja nikangoja. Na gurudumu la cherehani, analolipenda kuliko sisi wote, nililizungusha kidogo, nikalisimamisha, nikauliza, "Tena?" Nikahesabu kumi. Nikalizungusha.

Wiki zikapita. Siku moja, nikiwa nimepeleka nguo za mteja, mama mkwe alikuwa akimlisha uji, na Sikuli akatoa sauti. Alisema "te". Sauti ya kwanza yenye umbo la neno! Niliporudi nikamkuta bibi ameketi mlangoni kwa hasira. Unajua kwa Lingala te ni hapana, na bibi huyu kutoka Butembo Lingala anaijua kama lugha ya askari tu.

"Anakataa," akaniambia. "Neno ya kwanza ya mujukuu wangu njo hapana ya basoda."

Fortunat alicheka, akasema amezaa kapteni. Mimi sikucheka. Niliona aibu, maana hata mimi niliamini. Tangu siku hiyo, kila aliposema te, tuliondoa. Te, uji umeondoka. Te, nimeacha gurudumu. Anajitupa chini analia, na sisi tunashangaa: mtoto gani huyu, anakataa kitu, ukikiondoa analia? Mama mkwe akasema kuna kitu kimemwingia. Hapo ndipo nilipomtuma Bakari kwako na ile ndiyo yangu. Mama Anne alikuwa amesafiri, na mimi nilikuwa nimevunjika moyo.

Tulifanya hivyo wiki tatu, yaya.

Jumanne iliyopita uzi ulikatika. Nilikuwa nimeshika sindano mdomoni, kwa hiyo sikuweza kusema. Sikuli alikuja akasimama kwenye gurudumu, akaushika mkono wangu, akauweka juu yake, akasema te. Safari hii nilitazama mkono wake kwa sababu mdomo wangu ulikuwa na kazi nyingine. Mkono wake ulikuwa unasukuma mbele. Mtu anayekataa hasukumi mbele.

Nikazungusha. Akacheka. Te. Nikazungusha tena, na neno lile likanigonga kifuani. Tena. Neno langu mwenyewe, nililomwuliza kila siku na kuhesabu mishono kumi. Alikuwa ananijibu.

Nilitema sindano nikaenda kuchota uji. Kijiko, nikangoja. Te. Kijiko. Te. Alimaliza bakuli lote, na mimi nilikuwa nalia hata sioni kijiko. Mama mkwe alisimama nyuma yangu akitazama. Alikaa chini polepole, akashika kichwa.

"Kumbe alikuwa anaomba," akasema. "Na siye tulikuwa tunamunyima."

Basi huyo ndiye mtoto mliyetaka kumkata ulimi, na mimi nilikuwa nimekubali. Siwalaumu. Jacques wa kaka Félicien alikatwa na leo anasema bila kupumzika, ingawa nakumbuka hata kabla ya kukatwa alikuwa mtu wa kelele. Lakini ulimi wa Sikuli umelamba asali yako mpaka puani. Kasoro tuliyoigundua ilikuwa kwenye masikio yetu sisi wakubwa.

Sitakudanganya kwamba amepona. Ana maneno mawili sasa: te, na twa ya mchi. Kikombe bado haleti. Sijui kama ataweza shule, na wazo hilo hunirudia kila nikimwona Zawadi. Fortunat pia anaogopa, ila yeye huogopa kwa kimya. Ila jana jioni aliporudi kutoka dukani alichuchumaa mbele ya mtoto, na suruali yake nzuri, akamrusha juu mara moja. Kisha akangoja. Nilimwona midomo yake ikihesabu.

Njoo, yaya. Njoo baada ya mavuno kama ulivyopanga, wembe wa yule bibi ubaki huko. Nimechoka kuhesabu peke yangu, na mtu aliyenilea mimi anajua kungoja.

Nisalimie shemeji Constantin, na kaka Félicien na Jacques wake. Mwambie Julie gauni lake la ubatizo liko tayari, nimempa Bakari pamoja na barua hii. Mama mkwe anakusalimu, na anasema ukija utamkuta na maneno machache kuliko zamani.

Nakuomba jambo moja kabla. Mtakapokaa pamoja siku chache, Sikuli atakuzoea. Siku utakapopanda kamyo ya Bakari kurudi, atasimama mlangoni na kukuambia te. Wengine barabarani watadhani anakufukuza. Wewe ujue anachosema.

Mungu wa mama yetu aulinde mguu wako na njia yako.

Mdogo wako anayekupenda hata anapokukatalia,

Apolline